Farasi Niliyemzika Bila Kumfungua Kifua

Vijana wangu wa idara ya mifugo, siku mliyoniaga mlinipa blanketi, saa ya ukutani, na kadi iliyoandikwa kwamba nimetumika miaka yote bila doa. Blanketi nalitumia, baridi ya huku mnaijua. Saa inakimbia mbele dakika kumi, lakini mimi sina haraka tena. Kadi ndiyo inayonisumbua. Mama watoto aliiweka juu ya redio, na kila nikitaka kusikiliza habari lazima nilione lile neno. Bila doa! Nani aliwaambia? Basi nimeketi hapa nje na daftari niwaeleze kazi yangu ilivyokuwa, na doa lenyewe liko wapi.

Nilianza mwaka mmoja kabla ya uhuru, nikiwa mtu mzima aliyechoka kufundisha shule ya msingi. Ofisini Kisii nilikabidhiwa kwa Mutinda, Mkamba mfupi aliyekuwa amefanya kazi maabara kuu ya serikali na kupasua mizoga mingi kuliko mimi nilivyokula kuku. Siku ya kwanza alinipa jiwe la kunolea na visu vinne. Nikanoa asubuhi mpaka saa kumi. Nikamwonyesha. Akajaribu kimoja kwenye nywele za mkono wake, akanirudishia.

"Mwalimu, hapa hakuna chaki," akasema. "Noa tena kesho."

Sanduku letu la kazi lilikuwa la mbao. Ndani mlikuwa na visu, mkasi mkubwa, chupa za fomalini, vipande vya kioo vya kuchukulia damu, kipande cha sabuni, na msumeno wa mifupa. Mutinda alikuwa na wazimu wake juu ya msumeno huo. Ukishautumia unauosha, unaukausha, unaupaka mafuta. Kila Jumatatu alipitisha kidole kwenye meno yake, na kwa kidole hicho alijua kama mtu amefanya kazi au amezurura na baiskeli ya serikali.

Alinifundisha hivi, nanyi fanyeni hivi hivi. Ukikuta mnyama amekufa ghafla, usimguse kwanza. Uliza watu, na uwaache waseme mpaka wamalize. Tazama pua na njia ya haja kama kuna damu nyeusi isiyoganda, maana kimeta hakina mzaha, na ukifungua mzoga wa kimeta umefungulia kijiji kizima. Chukua damu ya sikio kwenye kioo. Angalia macho, angalia fizi. Kama si kimeta, fungua tumbo, kisha kata mbavu ufungue kifua. "Na usiandike chochote," alisema, "mpaka umeushika moyo wake mkononi." Nilidhani ni madoido ya mzee.

Kazi yetu nyingi ilikuwa ng'ombe. Ndigana ya kupe, majosho, chanjo, na wenye ng'ombe wanaokuja kulia ofisini kama wamefiwa. Farasi alikuwa kitu cha ajabu Gusii. Lakini walowezi wa upande wa Sotik walipoanza kuuza mashamba na kwenda zao, wachache wetu walinunua walichoweza kununua. Mmoja alinunua trekta, mwingine mabati. Mzee Ogeto, mkulima wa chai huko mbele ya Nyamira na mzee wa kanisa letu la Sabato, alinunua farasi dume wa kahawia anayeitwa Sajini. Wa nini? Wa kujionyesha tu, mkitaka ukweli. Alimpanda kwenda kituo cha kupeleka majani ya chai, umbali ambao mimi ningeutembea huku nakula ndizi.

Pamoja na farasi alikuja mtunzaji wake, Mainya. Alikuwa Mgusii kama sisi, lakini alitoka nyumbani mapema akakaa kwenye mazizi ya mlowezi hadi mvi zikamtoka. Kwao hasa ni mbali na hapo, hakuwa na ndugu hata mmoja karibu. Ogeto alimpa kipande cha kujenga nyumba kando ya zizi, akahamia na mke wake Kwamboka. Watu walimcheka kwa sababu alimsemesha farasi Kiingereza. Yeye alisema farasi hajafundishwa lugha nyingine, afanye nini? Nilimpenda. Alikuwa mtu wa kazi yake.

Sasa nakuja kwenye ile Ijumaa.

Nilikuwa Nyamira nikimalizia chanjo, sanduku langu nimelifunga nyuma ya baiskeli, nikijiandaa kurudi nyumbani mapema. Saa tisa hivi akaja jirani ya Ogeto anatweta. Sajini amekufa. Nikapiga pedali mpaka kwa Ogeto, na ilipofika saa kumi nilikuwa nimesimama kando ya mzoga.

Alikuwa amelala kwa ubavu katika uwanja wa nyasi. Jike mmoja wa kuazima kutoka Sotik alikuwa amefungwa kwenye ua, anakula majani kama hajui lolote. Mainya alikuwa amepiga magoti, kamba bado iko mkononi.

"Ilikuwaje?" nikamuuliza.

"Alimpanda jike vizuri, akashuka vizuri," Mainya akasema. "Akatembea hatua sita, saba. Akasimama kama amesahau kitu. Kisha akaanguka. Nilimwita, akaniangalia mara moja tu."

"Leo amekula nini?"

"Nyasi. Mahindi kidogo. Asubuhi nilimnywesha dawa ya minyoo, majani niliyochemsha mwenyewe. Farasi wote niliowatunza nimewapa dawa hiyo."

Ogeto, aliyekuwa nyuma yangu na mwavuli wake, akaniita kwa cheo changu cha kanisani. "Umesikia, shemasi? Amesema kwa mdomo wake."

Pua ilikuwa safi. Nikachukua damu ya sikio kwenye kioo. Nikainua mdomo wa farasi, na fizi zilikuwa nyeupe kama chokaa. Niliandika hivyo kwenye daftari: fizi nyeupe. Mnyama mwenye fizi nyeupe namna hiyo damu yake imetoka mahali pake, na kama haiko chini basi iko ndani. Mutinda alikuwa amenifundisha hilo mara ngapi? Nililiandika, nikafungua ukurasa mwingine.

Nikafungua tumbo. Hapakuwa na utumbo uliojisokota. Katika mfuko wa chakula mlikuwa na maji ya kijani, machungu kwa harufu, dawa ya Mainya. Nikajaza chupa mbili za kupeleka maabara. Nikanyoosha mgongo, nikatazama jua.

Ninyi ambao si Wasabato niwaeleze. Ijumaa ni siku ya maandalio. Jua likizama, kazi imekwisha, umemaliza au hujamaliza. Wakati huo nyumba zote mboga zimeshapikwa, viatu vimeshapigwa rangi, watu wameoga. Pale kwa Ogeto wanawake walikuwa wanaanika kanzu za kwaya. Wanaume wanne walikuwa wamekwisha kuchimba shimo, kwa sababu Ogeto hakutaka mzoga uonje Sabato katika boma lake, na alikuwa na wageni wa kanisa kesho yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefanywa shemasi mwezi huo huo. Ufunguo wa kanisa ulikuwa mfukoni mwangu, na safari ya baiskeli ilikuwa mbele yangu, milima mitupu.

Kukata mbavu za farasi mzima ni kazi ya saa moja, ukitoa jasho. Jua lilikuwa bado juu ya mikaratusi ya Ogeto. Nilikuwa na saa moja na nusu nzima. Ningemaliza nikanawa.

"Shemasi," Ogeto akasema, "hii kazi tuifunge. Sabato haitatungojea."

Mainya akainuka. "Daktari," akaniita, ingawa sikuwa daktari, "hutamfungua moyo? Kule kwa mlowezi, farasi akifa hivi walimfungua kila mahali. Nakuomba, tata. Mfungue."

Tata, yaani baba. Mtu aliyenizidi umri aliniita baba, mbele ya watu.

"Tumbo limetosha," nikamwambia.

Nimejitetea moyoni kwa kila namna. Nimesema Sabato ni Sabato. Lakini Maandiko yenyewe yanaruhusu kumtoa ng'ombe shimoni siku hiyo, na hapo shimoni alikuwa anaingia mtu, isitoshe ilikuwa bado Ijumaa mchana kweupe. Nimesema nilihofia kimeta. Mbona basi nilifungua tumbo? Yaya, hapana, nilikuwa na haraka ya kuonekana mtakatifu, hakuna zaidi. Tulimviringisha Sajini shimoni, tukafukia, na nikafika nyumbani nikaoga kabla jua halijazama. Mama watoto alinisifu.

Jumatatu Mutinda akapitisha kidole kwenye msumeno.

"Huu haujatoka sandukuni."

Nikamweleza. Akatazama kile kioo cha damu kwenye hadubini, hakuna kimeta. Akasoma daftari langu, akakaa kwenye neno moja kwa muda mrefu. "Fizi nyeupe," akasema. "Siku tatu ardhini, kwa baridi ya Nyamira, moyo utaonekana bado. Chukua jembe, twende tukamfukue."

Nikasema mwenye mali hatakubali. Wala sikumuuliza! Niliona aibu ya kurudi kwa Ogeto kufukua nilichosema kimetosha. Nikakaa mezani nikaandika ripoti: Kifo cha ghafla. Inashukiwa sumu. Nakala moja kwa mwenye mnyama, kama kawaida. Mutinda hakunisemesha wiki nzima, isipokuwa kuniagiza maji ya moto.

Maneno mawili. Ogeto aliyasoma nyumbani kwake mbele ya majirani, yakiwa na muhuri wa serikali. Mnajua wenyewe sumu ni nini kwetu. Anayemlisha farasi sumu leo, kesho ni mtoto wa nani? Kwamboka akienda kisimani wenzake waliinua mitungi yao wakasogea kando. Kanisani benchi lao likabaki la watu wawili. Halafu asubuhi moja watu walikuja na mapanga, wakaivua nyumba ya Mainya nyasi zote na kuisukuma kuta, nao wawili wamesimama pembeni na vyungu vyao. Waliondoka kwa miguu. Nilipata habari siku ya soko, nikasema maskini, nikanunua viazi.

Majibu ya maabara yalichukua miezi. Yalisema hakuna sumu iliyotambulika. Niliyapeleka kwa Ogeto mwenyewe. Aliyasoma na miwani, kisha bila miwani.

"Hao wa mjini wanajua majani ya Gusii?" akaniuliza.

Nikakunja karatasi nikarudi nayo. Hapo pia ningeweza kusema neno.

Ikapita miaka kadhaa. Nilichanja ng'ombe, nikajenga majosho, nikajifunza kupasua vizuri hata Mutinda akanitania kwamba sasa ninaweza kufungua bucha. Kisha Jumatano moja tukaitwa misheni moja ya Wakatoliki. Padre mmoja mzee alikuwa akizungukia waumini wake kwa farasi. Alikuwa amepanda naye kilima, akashuka langoni, akafungua lango, na alipogeuka farasi alikuwa anayumba. Akaanguka, akafa. Padre alikuwa analia waziwazi, bila kujificha.

Niliinua mdomo wa farasi. Fizi nyeupe kama chokaa.

"Chukua msumeno," Mutinda akasema. "Leo ni Jumatano."

Nilikata mbavu mimi mwenyewe. Mfuko unaouzunguka moyo ulikuwa umevimba, mweusi, umebana. Tulipoutoboa tukakuta damu iliyoganda tele, moyo umezama ndani yake kama jiwe ndani ya matope. Tukauosha moyo. Mutinda akanionyesha aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni kupeleka damu mwilini. Pale unapoanzia, ukuta wake ulikuwa umepungua nguvu ukafanya uvimbe. Mmewahi kuona tairi kuukuu ya baiskeli, mpira wa ndani unavyochungulia kwenye mpasuko? Ndivyo ulivyokuwa. Na kwenye uvimbe huo palikuwa na tundu, kidole changu kiliingia.

"Uvimbe huu hukaa kimya," Mutinda akasema. "Farasi anakula, anakimbia, hana dalili. Siku moja moyo unasukuma kwa nguvu, kilima, mbio, au kupanda jike, na ukuta unaachia. Hakuna dawa, hakuna wa kulaumiwa."

Akaendelea kukata. Akafungua mshipa unaopeleka damu kwenye utumbo, ukuta wake ukiwa mnene na mbovu, na humo ndani akatoa kwa ncha ya kisu vijinyoo vyembamba, vyekundu.

"Hawa hutembea ndani ya mishipa ya farasi wakiwa wachanga na kuiharibu," akasema. "Wakati mwingine hufika mpaka kwenye aota. Farasi alitakiwa kupewa dawa ya minyoo, tena mara kwa mara."

Nikaketi chini kwenye nyasi. Mainya alikuwa ndiye mtu pekee aliyekuwa akiitetea mishipa ya Sajini, na mimi niliitia dawa yake kwenye chupa nikaipa jina la sumu.

Mutinda alinawa mikono, akaniambia, "Kaandike upya." Mwaka huo alistaafu akarudi Ukambani, na hakuuliza tena.

Mnadhani niliandika siku hiyo? Niliahirisha. Kulikuwa na makambi ya kanisa, kisha mlipuko wa ugonjwa wa midomo na kwato, kisha nikafanywa mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa anaanzaje kusema aliua jina la mtu kwa sababu ya kuoga mapema? Miaka miwili ikaenda hivyo. Mwishowe nikasikia Mainya yuko Tabaka, kwenye kazi ya kuchonga mawe ya sabuni, nikaenda.

Nilimkuta ameketi nyuma ya kibanda, beseni la maji kati ya miguu, anasugua tembo wa jiwe kwa msasa. Alikuwa amekonda, anakohoa, nyusi zimejaa vumbi jeupe. Alinijua mara moja. Kwamboka akanipa kigoda, akaleta chai, lakini hakuniuliza habari za nyumbani.

Nikamweleza yote. Farasi wa padre, uvimbe, fizi, minyoo. Alisugua yule tembo mpaka nikamaliza.

"Mimi nimejua miaka hii yote kwamba nilimuua," akasema.

"Wewe?"

"Serikali iliandika. Nikasema, labda kiganja kilizidi. Labda nilichanganya jani. Nimeyapima majani yale kichwani kila asubuhi. Sijagusa mnyama tena, hata mbuzi wa jirani. Mawe hayawezi kufa mkononi mwangu."

"Hukumuua, Mainya. Ulikuwa unamtibu. Mshipa ulipasuka."

Akainua macho. "Wa Sajini. Uliuona?"

"Sikuuona. Sikumfungua."

"Kwa hivyo hujui."

"Nina hakika."

"Hata siku ile ulikuwa na hakika," akasema, kwa upole kabisa, na ningeomba angenitukana.

Akaniomba nimwandikie karatasi. Nikaandika pale pale juu ya goti: kwamba farasi huenda alikufa kwa kupasuka mshipa mkuu, kwamba hakuna sumu iliyoonekana, kwamba kwa sababu ya uhaba wa muda kifua hakikufunguliwa. Nikatia sahihi. Mainya hakujua kusoma, akampa Kwamboka asome kwa sauti. Alipofika mwisho Mainya akamsimamisha.

"Uhaba wa muda gani? Jua lilikuwa juu ya mikaratusi. Andika ilikuwa Ijumaa. Andika nilikuomba."

Nikamwambia karatasi za serikali haziandikwi hivyo. Nikasema nitamletea nyingine, iliyopigwa chapa, yenye muhuri, nami mwenyewe nitaisoma mbele ya kanisa la Ogeto. Akatikisa kichwa kukubali. Akanisindikiza mpaka barabarani, akikohoa.

Sikumletea. Kila Sabato nilisimama mbele ya watu na Biblia mkononi, kila Sabato nikasema wiki ijayo. Mwaka jana, Mosocho sokoni, mfanyabiashara mmoja wa vinyago aliniambia kwamba yule mzee wa farasi wa Tabaka wamemzika. Kifua, alisema. Niliacha baiskeli yangu pale pale, nikaketi kwenye gunia la mtu.

Najuta, wanangu. Najuta kwa ile saa moja ya Ijumaa, na zaidi najuta kwa miaka iliyofuata, maana saa ile ningeweza kusema sikujua.

Kadi yenu nimeishusha kutoka kwenye redio. Jumapili nitapanda kwenda Tabaka kwa Kwamboka, na Sabato itakayofuata nitakuwa kanisani kwa Ogeto, aliye mzee sana sasa lakini masikio yake ni mazima. Karatasi nitakayosoma ndiyo hii hapa chini. Nanyi chukueni nakala, mfungue faili la mwaka ule, mtoe ile yangu yenye maneno mawili na kuweka hii mahali pake.

Farasi dume, kahawia, jina Sajini, mali ya Mzee Ogeto. Alianguka na kufa baada ya kupanda jike. Fizi nyeupe. Tumbo lilifunguliwa, sumu haikupatikana. Mtunzaji, Mainya, alikuwa amempa dawa ya minyoo, na alifanya vyema. Kifua hakikufunguliwa. Ilikuwa Ijumaa, jua lilikuwa bado juu ya mikaratusi, msumeno ulikuwa sandukuni, na Mainya aliniomba.